Fainali ya chemsha bongo ya vyuo Uingereza, 175 kwa 170: adhabu ya kukatiza swali ni ya haki?

#1 Kengele_ya_Baiskeli
Wakuu, salama? Najua nimechelewa, ila jana umeme ulirudi saa nne usiku, bando lilikuwepo, nikaitazama fainali ya University Challenge ya 2025 mpaka mwisho. Christ's College ya Cambridge dhidi ya Warwick. 175 kwa 170. Pointi tano!

Kwa wasioijua: ni chemsha bongo ya BBC Two, timu mbili, watu wanne wanne. Linaanza swali la kubonyeza, kila mtu peke yake, hakuna kunong'onezana. Ukipata, pointi 10. Timu yako inapewa maswali matatu ya bonasi, 5 kila moja, hapo ndipo mnaruhusiwa kujadiliana. Ukibonyeza kabla swali halijaisha halafu ukakosea, unakatwa 5, na wapinzani wanasomewa swali lote wakiwa wamekaa kwa raha zao.

Hoja yangu ni hiyo adhabu. Kwenye mchezo huu kila kitu kinakwenda kwa tano tano, kwa hiyo ukiondoa sare, pengo dogo kuliko yote ni hilo hilo la 5. Maana yake kidole kimoja kikiwahi mara moja tu katika nusu saa nzima, kombe limekwenda. Kwangu mimi ni adhabu kali kupita kiasi. Mnasemaje?

#2 Mzee wa Korogwe
Adhabu kali ni ile ya kukatwa pointi 15 kwenye ligi. Hiyo ya tano ni faini ya trafiki.

#3 Nyamizi
Mkuu #1, kwanza usiseme "kombe limekwenda". Bila hiyo 5 wangetoka sare, wasingeshinda. Na sare haiishii hapo, linaulizwa swali moja la ziada, atakayepata ndiye bingwa. Wote wakikosa linakuja jingine. Na kituko chenyewe ni kwamba hata hapo ukikatiza na kukosea unakatwa 5, mechi inaishia hapo hapo, umepoteza.

#4 Fundi Redio
Halafu hesabu ya #1 ina tundu. Ukikatiza ukakosea hupotezi 5 peke yake. Wenzio wanaachiwa swali bila mshindani, wakilipata ni 10, na bonasi zote tatu ni 15. Jumla wanakuzidi kwa 25.

#5 Nyamizi
30, fundi. Umesahau tano yako mwenyewe iliyokatwa.

#6 Fundi Redio
30. Nimekatiza.

#7 Mtoto wa Likoni
😂😂 Mtoeni tano huyo.

Lakini sasa nyinyi mwaongea kana kwamba kusubiri ni bure. Mkisubiri swali liishe, na yule wa pili naye asubiri? Hasubiri ng'o! Wale watoto wabonyeza neno la tano. Mie nimewaona, swali laanza na jina la mji fulani wa Italia na mwaka, kabla msomaji hajameza mate, taa imewaka. Ukiwa mstaarabu sana wamaliza mechi huna kitu.

#8 Hesabu_Tu
Likoni yuko sahihi, na hebu niweke namba. Tuseme timu ikipata swali la kubonyeza, kwa kawaida inapata bonasi mbili kati ya tatu. Basi swali moja lina thamani ya 20. Ukikatiza ukakosea, unatoa 5, na tuseme wapinzani wanalipata nusu ya nyakati, hiyo ni 10 kwa wastani. Hasara yako 15.

Sasa una uhakika nusu kwa nusu. Faida: nusu ya 20 ni 10. Hasara: nusu ya 15 ni 7.5. Bado umebaki na faida ya 2.5. Kwa hiyo hata ukiwa unabahatisha nusu kwa nusu, bonyeza! Adhabu si kali hata kidogo, ni ndogo mno. Ndiyo maana wanakatiza hovyo.

#9 Kengele_ya_Baiskeli
Hesabu yako inamhusu mtu asiye na moyo. Ngoja niseme kwa nini nina kinyongo na hii sheria.

Mimi mwaka 1998 niliwakilisha shule yangu kwenye mashindano ya mkoa. Ukumbi wa mikutano, wazazi mpaka madirishani. Hatukuwa na vitufe, tulikuwa na kengele za baiskeli zimefungwa kwa waya kwenye dawati, moja kila timu, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kidole. Tumefungana. Limebaki swali moja. Mwalimu anasoma taratibu, karatasi kaishika mbali na macho: "Mlima mrefu kuliko yote Afrika..." Kling! Nikasimama kabisa, "Kilimanjaro!" Watu wangu wakaanza kushangilia. Mwalimu akangoja kelele ziishe, akasema, "...unafuatiwa na mlima upi?"

Yule binti wa upande wa pili wala hakugusa kengele. Alijibu tu Mlima Kenya, kwa sauti ndogo kama anaomba radhi. Wakabeba kreti ya soda na kaunta buku kumi na mbili. Mimi nilirudi nyumbani kwa miguu kwa sababu kwenye gari la shule hakuna aliyetaka kukaa na mimi.

#10 Mzee wa Korogwe
Kumbe jina lako la humu ni kovu. Pole mkuu.

#11 Yakhe wa Mkoani
Pole yakhe. Lakini hapo hukuonewa na sheria, umeonewa na mwalimu. Swali lile ni mtego. Mlima mrefu, mlima mrefu, kisha unageuza kona! Swali la haki halipindi.

#12 Mama Watatu, Ohio
Habarini. #11 umegusa penyewe. Mwanangu wa pili yuko kwenye timu ya shule huku Marekani, mchezo wanauita quiz bowl, na hata hiyo ya Uingereza ilitokana na College Bowl ya huku huku. Maswali yao yanaandikwa kama piramidi, vidokezo vigumu vinakuja kwanza, vyepesi mwisho. Kwa mfano wa Kilimanjaro wangeanza na vilele vyake vitatu, Shira, Mawenzi, Kibo, kisha mita 5,895, kisha "mrefu kuliko yote Afrika". Mwenye kujua sana anawahi, mwenye kujua kidogo anasubiri. Jibu halibadiliki njiani.

Na wao ukijibu mapema kabla ya alama fulani ndani ya swali, unapata 15 badala ya 10. Ukikatiza ukakosea, unakatwa 5. Haraka inalipwa, na haraka inatozwa. Sijui kwa nini Waingereza walibaki na kutoza tu.

#13 Nyamizi
Wanailipa mama, malipo yenyewe ni kwamba mwenzio hapati nafasi.

#14 Bin Seif Muscat
Asalaam aleikum. Mimi nimeiangalia hapa Muscat na ninasema hamkuangalia penye mechi. Mechi iko kwenye bonasi. 5 ni bonasi moja. Bonasi moja tu waliyobishana, nahodha akachagua jibu la huyu akaacha la yule, basi. Mara ngapi umeona mtu wa pembeni ananong'ona jibu sahihi, nahodha anasema lingine? Mimi nyumbani napiga kelele mpaka mke wangu anafunga mlango.

#15 Coventry_Kwetu
Nipo karibu na wenye msiba. Wengi mnadhani Warwick iko mji wa Warwick. Haipo. Chuo kiko pembezoni mwa Coventry, mwendo wa basi kutoka ninapokaa. Kimeanzishwa 1965, ni kichanga. Na wasionewe huruma sana, wameshalichukua hili kombe 2007 na 2021.

Ila niwape jingine ambalo hamjaligusa. Christ's SI chuo kikuu. Ni chuo cha ndani ya Cambridge, kimoja kati ya 31. Oxford na Cambridge kila chuo cha ndani kinaweza kuleta timu yake. Warwick, Manchester, Edinburgh wanaleta timu moja kwa chuo kizima. Hiyo ni haki? Manchester mwaka 1975 walikuja studio wamekasirika kwa sababu hiyo hiyo, wakawa wanajibu maswali kwa majina ya wanamapinduzi tu. Che Guevara, Marx, Trotsky, Lenin. Swali lolote! Mmoja wao alikuwa David Aaronovitch, baadaye akawa mwandishi wa habari mashuhuri.

#16 Hesabu_Tu
Lakini ndugu yangu, hiyo inawapa Warwick faida. Wao wanachagua wanne kati ya watu zaidi ya 20,000, Christ's wanachagua kati ya mamia. Ukiniambia nichague timu ya mpira kutoka mtaa mmoja au kutoka mkoa mzima, nachukua mkoa.

#17 Coventry_Kwetu
Mtaa wenyewe ungekuwa Manzese ningekubali. Huu ni mtaa aliosoma Darwin, na kimefunguliwa 1505. Kuingia tu hapo ushachujwa.

#18 Mzee wa Korogwe
Na wao wana tiketi nyingi za kuingilia. Hata wakitolewa watano, wa sita yumo.

#19 Mwana wa Bukavu
Jambo ndugu zangu. Huku kwetu Kongo tuko na Génie en herbe, mchezo ulitoka kwa Wafaransa wa Kanada, mashule yanashindana, watu wanajaa sana. Mimi nilicheza tukiwa wane vilevile. Nataka kusema kitu kimoja: uchovu. Mwisho wa mechi kichwa kinakuwa kimechoka, jibu unalijua, mdomo unatoa lingine. Nilishasema "Tanganyika" wakati nawaza "Kivu", na Kivu ndilo ziwa naliona kila asubuhi nikifungua dirisha! Kwa hiyo hizo pointi tano zenu, musitafute sheria, mutafute usingizi.

#20 Bin Seif Muscat
Hahaha, Kivu iko dirishani na umeikosa.

#21 Mtoto wa Likoni
Ngoja niwaulize wazee. Yule timu ya juu, hawaoni karatasi za walio chini? Manake mmoja akaa ghorofani.

#22 Fundi Redio
Hakuna ghorofa, mdogo wangu. Ni ujanja wa picha. Studio wamekaa meza mbili kando kwa kando, kwenye kioo wanagawanya picha juu na chini. Na ile sauti inayotaja chuo na jina la aliyebonyeza ni ya mtu, Roger Tilling, anatamka papo hapo taa inapowaka. Mimi ile sauti ndiyo inayonipa presha kuliko swali.

#23 Mtoto wa Likoni
Miaka yote hii nimeamini kuna ngazi 😭

#24 Jioni_Nairobi
Watu wa East Africa mmesahau yenu mara moja hivi? Celtel Africa Challenge! John Sibi-Okumu amesimama pale, suti imemkaa, anasoma swali kama habari ya msiba. Vyuo vya Kenya, Uganda na Tanzania. Sisi hosteli tulikuwa tunakaa sakafuni kwa sababu viti vyote vilishachukuliwa tangu saa kumi na mbili. Ilikuwa 2005 hivi.

#25 Nyamizi
2007. Na Celtel, ile kampuni ya simu, ilipobadili jina kuwa Zain, mashindano nayo yakawa Zain Africa Challenge, wakaongezwa wa nchi nyingine.

#26 Jioni_Nairobi
Sawa mwalimu. 2007. Lakini hoja yangu iko palepale, kanuni zilikuwa za familia moja na hizi, kubonyeza kisha bonasi. Na kuna mechi chuo chetu kilikuwa kinaongoza, tukalegea. Nahodha akaanza kujivuta kwenye bonasi ili saa iishe. Badala yake akapoteza mdundo. Ukishapunguza mwendo hurudi. Kwa hiyo mimi mechi ya pengo dogo nailaumu saa. Hii ya Waingereza haina idadi ya maswali, inaisha gongo likilia. Likilia katikati ya bonasi, mnaachwa na zilizobaki. Labda hapo ndipo pointi tano zilipobaki, mdomoni.

#27 Bin Seif Muscat
Lakini Paxman, mtangazaji aliyepita, alikuwa haruhusu kujivuta. "Haya, semeni!" Huyu wa sasa, Amol Rajan, ni mpole zaidi kidogo.

#28 Mzee wa Korogwe
Mimi ni wa zama za Bamber Gascoigne, mtangazaji wa kwanza, alianza 1962 akaenda mpaka 1987. Mjomba alikuwa anasoma Uingereza akawa anatuandikia barua kuhusu hicho kipindi. Alisema Gascoigne mtu akikosea alikuwa anasikitika kama yeye ndiye aliyekosa.

#29 Kengele_ya_Baiskeli
Uzi wangu unaelekea Tukuyu. Turudi: adhabu ibaki au iondoke?

#30 Yakhe wa Mkoani
Ibaki. Kwetu mtoto akitega kitendawili hukurupuki. Anasema "Kitendawili!" wasema "Tega!" na unamwacha atege mpaka mwisho. Ukishindwa, unatoa mji. Mji mzima! Wewe unalia na pointi tano, bibi yangu alikuwa anamiliki Unguja, Lamu, Mombasa na nusu ya bara kwa vitendawili tu.

#31 Mama Watatu, Ohio
😂 Hii imenikumbusha Ghana. Wana mashindano makubwa ya sayansi na hisabati ya sekondari, tangu 1993, shule tatu kwa mpigo, nchi nzima inasimama. Duru ya mwisho ni vitendawili kabisa. Kidokezo kimoja kimoja. Ukijibu kwenye cha kwanza pointi 5, cha pili 4, cha tatu na kuendelea 3. Kule hakuna haja ya kumtoza mwenye haraka, thamani yenyewe inashuka.

#32 Hesabu_Tu
Hiyo ndiyo njia safi. Kuna duru yao nyingine ya kweli au si kweli, ukikosea unakatwa moja, lakini unaruhusiwa kukataa kujibu. Wewe Kengele, siku ile ungekataa?

#33 Kengele_ya_Baiskeli
Ningekataa kuzaliwa siku ile.

#34 Coventry_Kwetu
Hakuna aliyejibu yangu ya vyuo vya ndani. Na msisahau 2009. Corpus Christi ya Oxford walimpiga Manchester 275 kwa 190 kwenye fainali, Gail Trimble akiwa nahodha amebeba timu mgongoni. Baadaye ikagundulika mwenzao mmoja alishamaliza masomo kabla mashindano hayajaisha, wakanyang'anywa, kombe likaenda Manchester. Kwa hiyo hata pengo la 85 linaweza kuyeyuka. Sembuse 5.

#35 Nyamizi
Hiyo ni kesi ya usajili, haihusiani na kidole. Hata Simba na Yanga tunazijua hizo.

#36 Mzee wa Korogwe
USIANZE. Simba na Yanga zisiingie humu.

#37 Jioni_Nairobi
Swali dogo. Chuo alichosoma Nyerere kimewahi kushinda?

#38 Fundi Redio
Edinburgh? Ndiyo, 2019. 155 kwa 140 dhidi ya St Edmund Hall ya Oxford. Pengo la 15. Nalo ni swali moja na bonasi moja tu.

#39 Mwana wa Bukavu
Mwalimu angekuwa kwenye timu asingekatiza. Angengoja, halafu angeeleza jibu kwa saa mbili.

#40 Kengele_ya_Baiskeli
Naona mmegawanyika. Bin Seif bonasi, Bukavu usingizi, Jioni saa, Coventry vyuo vya ndani, Hesabu anataka tubonyeze hata kwa bahati nasibu. Hakuna aliyeunga mkono yangu hata mmoja.

#41 Mama Watatu, Ohio
Mimi nakuunga nusu. Jeopardy, chemsha bongo ya TV ya huku, ukibonyeza kabla mtangazaji hajamaliza kusoma, kitufe chako kinafungwa robo sekunde. Pointi hazikatwi. Unakwama tu kidogo, mwenzio anapita. Mtoto hadhalilishwi mbele ya wazazi wake.

#42 Kengele_ya_Baiskeli
Robo sekunde! Hiyo naikubali. Mimi nimefungiwa tangu 1998.

#43 Yakhe wa Mkoani
Basi nikupe nafasi ya kulipa deni. Uko tayari? Swali. Ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika

#44 Kengele_ya_Baiskeli
Tanganyika! Mita 1,470. Na kwa dunia ni la pili baada ya Baikal. Sikubahatisha hata kidogo.

#45 Yakhe wa Mkoani
linapakana na nchi ngapi?

#46 Mtoto wa Likoni
😂😂😂😂 Uwiiii

#47 Mwana wa Bukavu
Ine. Kongo, Tanzania, Burundi, Zambia. Safari hii sikusema Kivu.

#48 Kengele_ya_Baiskeli
Hapana, hapana. Hukuweka nukta tatu wala hukusema swali linaendelea. Umetuma, maana yake limekwisha. Wasimamizi wa jukwaa mko wapi?

#49 Hesabu_Tu
Hakukuwa na alama ya kuuliza. Swali bila alama ya kuuliza halijaisha. Tano zimekatwa.

#50 Nyamizi
Na Bukavu ana 10, anasubiri bonasi zake tatu.

#51 Yakhe wa Mkoani
Pointi sitaki mie. Nipe mji.

#52 Kengele_ya_Baiskeli
Haya, chukua Kongowe.

#53 Yakhe wa Mkoani
Ya Mbagala au ya Kibaha?

#54 Kengele_ya_Baiskeli
Ya Mba

#55 Mzee wa Korogwe
Kongowe si mji.